Panya Huwezi Kumwambia Asipumue

Mwaka 2017 watafiti wa Boston, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio la ajabu. Walipanda seli za saratani ya mapafu ndani ya vipande vya silikoni ang'avu, kila kimoja kikubwa kiasi cha flashi ya kompyuta. Baadhi ya vipande hivyo vilifanywa vipumue: vinavutika na kulegea, vinavutika na kulegea, kwa mwendo wa pumzi ya mtu. Vingine viliachwa vimetulia. Katika vile vilivyotulia saratani ilistawi. Katika vile vilivyopumua ilikua kwa kusuasua na ikapenya tishu jirani kwa shida. Ila dawa ilipotiwa, mambo yakageuka: seli zilizokuwa zikitikiswa na pumzi ndizo zilizoistahimili zaidi.

Mimi ni mteknolojia mstaafu wa maabara ya patholojia, mkazi wa Morogoro. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimetazama mapafu ya watu kwa hadubini. Nimeona saratani iliyokaa pembezoni mwa pafu, nimeona iliyoziba njia ya hewa, nimeona iliyojificha ndani ya kovu la kifua kikuu. Kama uvimbe huo ulikuwa ukihisi pumzi ya mwenyewe, hilo hadubini yangu isingeweza kunieleza.

Wengi tukisikia habari za utafiti usiotumia wanyama, mawazo yanakwenda kwenye huruma. Huruma ipo, na ina haki yake. Lakini jaribio la Boston lina uzito wa namna nyingine. Ili kujua pumzi inaifanya nini saratani, lazima upate pafu linalopumua na pafu lilelile lisilopumua, uyaweke kando kwa kando. Panya huwezi kumwambia asipumue.

Aliyeanza na sanamu

Maabara iliyofanya jaribio hilo iko chini ya Taasisi ya Wyss ya Chuo Kikuu cha Harvard, iliyoanzishwa mwaka 2009. Mkurugenzi mwanzilishi wake ni Donald Ingber, daktari na mtafiti wa seli. Katikati ya miaka ya 1970 Ingber alikuwa mwanafunzi wa Yale, akajiandikisha katika somo la sanamu. Huko alioneshwa umbo lililojengwa kwa vijiti na nyuzi. Vijiti havigusani, nyuzi zilizokazwa ndizo zinazovishikilia. Ukilibonyeza linatandaa, ukiliachia linarudi kama lilivyokuwa. Siku zilezile, upande wa maabara, alikuwa akiona seli zikitandaa zinaposhika sahani na kuwa duara zinapobanduliwa. Akaunganisha mambo hayo mawili: seli nayo ina kiunzi kinachovutana, na mvuto huo ni amri. Unaiambia seli igawanyike, itulie au ife.

Baadaye, akiwa mtafiti kijana katika maabara ya Judah Folkman, daktari wa upasuaji aliyetafuta namna ya kuinyima saratani damu, kuvu iliingia kwenye sahani zake. Watu wa maabara tunajua dawa ya sahani iliyoota kuvu: inatupwa. Ingber aliichungulia kwanza. Akaona seli za mishipa ya damu zimebadilika umbo kwa utaratibu, kadiri zilivyo karibu na kuvu. Akaitunza. Kutokana na kuvu ile ikapatikana dawa ya majaribio iitwayo TNP-470, iliyotangazwa katika jarida la Nature mwaka 1990.

Mwaka 1997 yeye na wenzake, akiwamo mkemia George Whitesides, walichapa visiwa vidogo vya protini inayonata juu ya sahani, wakaweka seli moja moja juu yake. Chakula kilikuwa kilekile na kemikali zilezile. Seli zilizopata kisiwa kipana zilitandaa, zikaishi, zikagawanyika. Zilizobanwa kwenye kisiwa kidogo zilikufa. Kwa mtu mwenye mawazo ya namna hiyo, pafu lilikuwa hatua inayofuata. Ni kiungo gani kingine kinachovutwa na kuachiwa kila sekunde chache tangu mtoto anapolia mara ya kwanza hadi mtu anapokata roho?

Pafu la silikoni

Aliyemsaidia Ingber kulijenga ni Dan Huh, mhandisi aliyetokea Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 2007 Huh na wenzake walikuwa wametengeneza njia ndogo za hewa ambamo matone ya maji yakipasuka yalitoa mlio uleule ambao daktari huusikia kwa stetoskopu kwenye kifua chenye maji. Mwaka 2010 yeye na Ingber walitangaza katika jarida la Science chipu ya pafu.

Imejengwa hivi. Ndani ya silikoni kuna mifereji miwili, mmoja juu ya mwingine. Katikati yake kuna utando wenye vitundu, unene wake sehemu moja ya mia ya milimita. Juu ya utando zimeoteshwa seli za vifuko vya hewa vya binadamu, nazo zinakutana na hewa yenyewe. Chini yake zimeoteshwa seli za mishipa midogo ya damu, na majimaji yenye virutubisho yanapita kama damu inavyopita. Kushoto na kulia kuna vyumba viwili vitupu vilivyounganishwa na pampu. Pampu ikivuta, kuta zinakwenda kando na utando unatanuka kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi. Ikiachia, unarudi. Hiyo ndiyo pumzi. Na kwa kuwa silikoni ni ang'avu, unaweka hadubini juu yake na kutazama mambo yanavyotendeka.

Walipoingiza bakteria upande wa hewa, na chembe nyeupe za damu upande wa chini, chembe hizo zilijibana kupita kwenye vitundu vya utando, zikatokea juu na kuwameza bakteria. Katika maabara yangu niliona matokeo ya vita hiyo mara nyingi, katika mapafu ya wagonjwa wa nimonia. Kuiona ikipiganwa ni jambo jingine.

Mwaka 2012 walijaribu intalukini-2, dawa ya saratani ambayo imejulikana kwa muda mrefu kuwajaza baadhi ya wagonjwa maji mapafuni. Chipu ilipopewa dawa hiyo, majimaji yalivuja kutoka upande wa damu hadi upande wa hewa, kama inavyotokea kitandani kwa mgonjwa. Pumzi ilizidisha uvujaji. Na yote yalitokea bila chembe za kinga kuwemo kwenye majimaji, hivyo wakajua kwamba dhara hilo halihitaji chembe hizo. Mwaka 2016 kundi hilohilo liliunganisha chipu ya njia za hewa na mashine inayovuta sigara halisi, ikivuta na kupumzika kama mvutaji, moshi ukipita juu ya seli za binadamu. Wakaweza kulinganisha seli za mtu huyohuyo zilizopata moshi na zisizopata.

Saratani ikafuata mwaka 2017. Seli za aina inayotokea kwa wagonjwa walio wengi zilipandwa katika chipu ya njia za hewa na katika chipu ya vifuko vya hewa. Zilistawi katika ile ya vifuko, ambako ndiko aina hiyo hupenda kukaa hata ndani ya mtu. Pumzi ikazipunguzia kasi, lakini ikabadilisha pia vipokezi vilivyo juu ya seli, vile ambavyo dawa lengwa huvishambulia. Dawa ikakosa nguvu. Watafiti wakatoa rai kwamba huenda hii ni sababu mojawapo inayofanya mabaki ya saratani yaliyo sehemu za pafu ambazo bado zinaingiza hewa yasiishe kwa dawa.

Panya, sigara na ubishi

Saratani ya mapafu inaua watu wengi kuliko saratani nyingine yoyote. Kwa makadirio ya mwaka 2022, watu wapatao milioni 2.5 waligundulika nayo duniani na milioni 1.8 walifariki. Chanzo chake kikuu hakikufichuliwa na panya. Kilifichuliwa na wagonjwa walioulizwa maswali. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill waliwalinganisha wagonjwa wa hospitali za London wenye saratani ya mapafu na wale wasio nayo, sigara ikajitokeza. Mwaka huohuo Ernst Wynder na Evarts Graham walifikia hitimisho hilohilo Marekani.

Panya aliingia mwaka 1953, Wynder na wenzake walipopaka lami ya moshi wa sigara migongoni mwa panya walionyolewa, na zaidi ya asilimia 40 wakaota saratani ya ngozi. Habari ikavuma. Januari 1954 makampuni ya sigara ya Marekani yalilipia tangazo katika magazeti zaidi ya 400, na walichoanza nacho ni panya hao hao: majaribio yale, walisema, hayajakata shauri. Ushahidi wa watu ulikuwepo tayari, lakini ubishi ukahamia kwenye mgongo wa panya. Na panya walipovutishwa moshi wenyewe, saratani ya mapafu haikuwatokea kirahisi, jambo lililowafurahisha wauza sigara.

Maumbile yanaeleza kwa nini. Panya hupumua kwa pua tu, na pua yake inachuja sana. Pafu lake la kushoto halikugawanyika na la kulia lina sehemu nne. Letu lina mbili kushoto na tatu kulia. Hata seli za msingi, zinazodhaniwa kuwa chimbuko la baadhi ya saratani za njia ya hewa, kwetu zimesambaa hadi kwenye vijia vyembamba, ilhali kwa panya zinakomea karibu na bomba kuu.

Simdharau panya. Hapa kwetu Morogoro ana heshima yake. Katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO linawafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alitunukiwa nishani ya dhahabu na shirika moja la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyoifanya Kambodia. Lakini panya buku anafanya kazi ya panya kwa pua ya panya. Panya wa maabara ya saratani anatakiwa afanye kazi ya mtu, na hapo ndipo hesabu zinapokataa. Katika kila dawa kumi zinazovuka majaribio ya wanyama na kuanza kujaribiwa kwa watu, takriban tisa haziidhinishwi. Dawa za saratani zina hali mbaya zaidi.

Sheria zinavyogeuka

Hoja ya huruma ina umri. Mwaka 1959 Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, walitoa kitabu chenye kanuni tatu ambazo kamati za maadili ya utafiti bado zinazifuata: badala ya mnyama tumia njia nyingine panapowezekana, kama lazima mnyama, tumia wachache, na hao wachache wapunguzie mateso. Lakini kwa dawa, sheria ilivuta upande mwingine. Mwaka 1937 dawa ya maji ya salfanilamaidi iliua Wamarekani zaidi ya 100, na mwaka 1938 ikatungwa sheria ya kudai uthibitisho wa usalama. Kwa miongo mingi uthibitisho huo ulimaanisha wanyama.

Desemba 2022 Rais Joe Biden alisaini sheria iliyoondoa sharti hilo na kuruhusu njia nyingine, zikiwamo chipu za viungo. Mwezi huohuo yalichapishwa matokeo ya chipu 870 za ini zilizopimwa kwa dawa 27. Zilitambua asilimia 87 ya dawa zinazojulikana kuumiza maini ya watu, na hazikuisingizia hata moja iliyo salama. Msomaji ajue kwamba kampuni iliyozitengeneza, Emulate, imezaliwa na maabara ya Ingber, hivyo ina maslahi. Aprili 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza mpango wa kupunguza hatua kwa hatua majaribio ya wanyama, ikianzia na dawa za aina ya kingamwili.

Yanayobaki

Anayesema chipu imemwondoa mnyama kabisa anatia chumvi. Hata katika kazi ya mwaka 2010 watafiti walithibitisha sehemu ya matokeo yao kwa mapafu ya panya. Seli nyingi za maabara bado hulishwa seramu itokayo kwenye damu ya ndama aliye tumboni, baada ya ng'ombe mwenye mimba kuchinjwa. Jeli inayotumika sana kuotesha tishu hutengenezwa kutokana na uvimbe wa panya. Vibadala vipo, na maabara zilizoamua kuacha kabisa vitu vya wanyama zimevichukua, lakini seli zilizozoea seramu hazikubali mabadiliko upesi.

Silikoni nayo ina tabia ya kunyonya baadhi ya dawa, kipimo kikawa pungufu bila mtu kujua. Na kubwa kuliko yote: saratani ya mapafu huua kwa kuhama. Inakwenda kwenye ubongo, mifupa na ini. Chipu moja haina ubongo wala mifupa, na wiki zake chache hazilingani na miaka 30 ya kuvuta sigara. Panya waliobadilishwa jeni ya KRAS, waliotengenezwa na Tyler Jacks na wenzake mwaka 2001, wametufundisha mengi kuhusu safari hiyo ndani ya mwili mzima. Chipu ina nguvu pale unapotaka kutenganisha mambo: uondoe kinga uone, uzime pumzi uone, ubadilishe moshi uone.

Seli za nani?

Tukisema utafiti ufanywe kwa seli za binadamu, swali linalofuata ni binadamu yupi. Seli za saratani ya mapafu zinazotumika sana duniani, A549, zilitoka mwaka 1972 kwenye uvimbe wa mzungu mwenye umri wa miaka 58. Zimefanya kazi kubwa. Lakini saratani haifanani kila mahali. Mabadiliko ya jeni ya EGFR hupatikana kwa mgonjwa mmoja kati ya saba hadi kumi wenye asili ya Ulaya walio na saratani ya tezi za mapafu, na kwa karibu nusu ya wagonjwa wa Asia ya Mashariki. Jeni hiyo ndiyo inayoamua kama vidonge fulani vitamfaa mgonjwa. Panya aliweza kutuficha tofauti hizo. Chipu itatuficha vilevile ikiwa seli zake zote zinatoka mji mmoja.

Afrika Mashariki ina maswali yake. Wagonjwa wetu wengi hufika wamechelewa, baada ya kikohozi chao kudhaniwa ni kifua kikuu. Wanawake waliopika kwa kuni miaka yote wanavuta moshi ambao shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeuweka katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani. Mashine ile inayoivutisha chipu sigara, mimi ningeiwashia kuni: moshi wa jikoni upite juu ya seli za njia ya hewa za mwanamke wa Kilosa, tuone kinachoharibika kwanza.

Kizuizi si bei ya silikoni. Kizuizi ni utaratibu wetu wa kazi. Katika hospitali zetu kipande cha nyama kikitolewa mwilini, kinatumbukizwa kwenye formalini papo hapo. Formalini inahifadhi umbo na inaua kila kitu. Baada yake ninaweza kukuambia ugonjwa ni upi, lakini hakuna seli itakayoota tena. Utafiti huu unataka tishu hai, iliyowekwa kwenye barafu, ifike kwenye inkubeta ndani ya saa chache, na inkubeta hiyo isikatiwe umeme usiku.

Utafiti huu unataka pia jambo ambalo panya hakudaiwa: ridhaa. Mwaka 1951, Baltimore, seli za Henrietta Lacks, mama mweusi mwenye saratani ya shingo ya kizazi, zilichukuliwa bila yeye kuulizwa. Zikawa mali ya maabara duniani kote, na ilipofika mwaka 2023 ndipo familia yake ikafikia makubaliano na mojawapo ya kampuni zilizofaidika nazo. Ukimwondoa panya mezani, anayekaa mahali pake ni mgonjwa, na mgonjwa ana jina, ana ndugu, ana haki ya kukataa.

Kwa hiyo nikiulizwa na vijana wa maabara tuanzie wapi, sisemi tuagize chipu. Nawaambia waanze na fomu ya ridhaa iliyoandikwa kwa Kiswahili ambacho bibi wa kijijini akisomewa anaelewa seli zake zinakwenda wapi na nani atafaidika. Halafu umeme wa akiba. Halafu mtu aliyefundishwa kusimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji na kupokea tishu kabla haijaguswa na formalini. Chipu zitakuja baadaye, na zitakapokuja tutakuwa na cha kuweka ndani yake.